Gunia Ibaki Likuyani

Huku kwetu Likuyani msee hupimwa na gunia. Lori inaingia bomani time ya kuuza mahindi, mbuyu anakucheki, anakuambia shika hapo. Ukiisukuma hiyo gunia ya kilo 90 mpaka juu bila magoti kutetemeka, jioni kwa base kila mtu anakugotea. Nimekulia hiyo maisha na naiheshimu. Lakini ndiyo ilinichoma mara ya kwanza mbogi yetu ilipanda Mlima Elgon, ju hakuna mtu kati yetu aliuliza bag ina uzito gani. Kilo 19 mgongoni ni nini kwa chali ameshabeba 90?

Wasee, kilo 90 unaibeba hatua thelathini, unaitupa, unakunywa maji. Kilo 19 unatembea nayo siku mbili, mteremko hakuna, na hewa inazidi kuwa kidogo kila saa. Mimi nilikuwa na sufuria kubwa ya nyumbani, unga kilo mbili, nyanya na vitunguu, blanketi nzito ya kitanda, jeans mbili, taulo, spika ya kupiga ngoma na betri yake. Cousin alikuwa amebeba viazi mbichi. Tulifika penye miti inaisha na nyasi ndefu zinaanza, mvua ikatupata, jeans zikanyonya maji, na renja aliyekuwa na sisi akatuangalia kwa huruma, akasema turudi. Alikuwa right kabisa. Koitobos, kile kilele tulikuwa tunaendea, tuliiona kwa macho tu, imekaa huko juu kama meza, alafu ukungu ikaifunika.

Nilirudi shags nikiwa na hasira ya kweli. Huo mlima tunauonanga asubuhi hewa ikiwa safi, kutoka kwa shamba, upande wa kaskazini-magharibi. Wabukusu wanauita Masaba. Nzoia yenye inapita kwetu inakunywa kutoka Elgon na Cherangani, hata kuna mto unaitwa Koitobos unateremka kutoka huko na kuingia Nzoia. Mimi nimeoga maji ya huo mlima tangu nikiwa mtoi. Kushindwa kuufikia ju ya spika na viazi ilinikaa roho vibaya.

Mtu alinifungua macho ni kukhu, nyanya yangu. Alikuja huku miaka ya 60 wakati mashamba ya walowezi yaligawiwa watu, wakatoka Kabras na mguu. Nilimuuliza walibeba nini. Akahesabu na vidole: sufuria moja, blanketi moja, panga, mbegu ndani ya kitambaa, chumvi. Nikamuuliza na nguo? Akasema nguo ilikuwa mwilini. Alafu akaniuliza swali yenye hadi leo naitumia nikipaki: hiyo kitu ukiiacha, utakosa kufika?

Huko majuu hiyo akili wameipa jina, altralaiti. Hesabu yao ni hivi: chukua kila kitu ya bag, toa chakula, toa maji, toa mafuta ya jiko, toa nguo umevaa. Chenye kimebaki kikiwa chini ya kilo 4.5, wewe ni msee wa altralaiti. Siku hizi kuna makampuni wanauza hema za pesa ya ng'ombe mbili ndio ufike hiyo namba. Lakini mwenye huwa namfikiria ni mama mmoja Mmarekani, Emma Gatewood. Mwaka wa 1955, akiwa na miaka 67 na ameshazaa watoto 11, aliambia watu wake anaenda matembezi. Alitembea Appalachian Trail yote, zaidi ya kilomita 3,200, peke yake, kutoka Georgia mpaka Maine. Ndula zake zilikuwa raba za kitambaa. Bag yake ilikuwa mfuko wa denimu alijishonea mwenyewe, unaning'inia bega moja. Hema hakuwa nayo, alikuwa na pazia ya plastiki ya bafu. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuimaliza hiyo njia solo kwa msimu mmoja. Nikisoma hiyo stori namwona kukhu na leso yake. So msikubali mtu awaambie hii ni maneno ya watu wako na doh.

Kitu ya kwanza ilikuwa kupima, na hapo Likuyani tuko mbele ya Nairobi. Kila soko huku iko na mizani. Jamaa wa nafaka ako na ile ya kuning'iniza, agrovet ako na ile ndogo ya digitali ya kupima dawa na mbegu. Nilibeba vitu zangu zote kwa karai, nikaomba agrovet wakati hakuna wateja, nikapima moja moja nikiandika kwa kitabu. Jeans moja ilikuwa gramu 800 na ikiwa kavu. Blanketi ilipita kilo mbili na nusu. Hiyo siku nilielewa kitu: uzito haukujangi kwa kitu moja kubwa, lakini kuna vitu tatu zinakula nusu ya bag. Bag yenyewe, mahali utalala, na chenye utajifunika. Anzia hapo. Kukata mswaki nusu ni stori ya baadaye.

Bag: wacha ile kubwa ya vyuma na mikanda kumi. Ukinunua bag kubwa utaijaza tu, ndivyo binadamu ameundwa. Yangu niliitoa mitumba Kitale na soo nne, ni ya shule, haina fremu, haifiki gramu 700. Fundi wa cherehani pale sokoni akaniongezea mkanda wa kiuno. Sasa maji isiingie. Wakulima huku tunawekanga mahindi kwa mifuko ya PICS, ile ya tabaka tatu yenye inanyima osama, yule mdudu wa mahindi, hewa mpaka anakufa. Zile karatasi mbili za ndani ni plastiki ngumu. Ikishamaliza kazi ya mahindi, ioshe, ianike, iweke ndani ya bag yako, pakia kila kitu ndani yake, uifunge shingo. Haifiki robo kilo na hakuna mvua imewahi kunifikia sweta tena. Ukifika geti mwonyeshe renja na umwambie hiyo inarudi na wewe nyumbani, ju Kenya imepiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea tangu Agosti 2017, na ndani ya mbuga wako makini.

Hema sijaiacha, na hapa siwadanganyi. Kuna wasee wa majuu wanalala chini ya turubai wazi na wako sawa. Elgon kuna nyati, kuna ndovu, na usiku huko juu maji yanaganda kwa chupa. Chenye tulifanya ni kugawana: hema ya wawili, mmoja anabeba kitambaa, mwingine anabeba vyuma na pegi. Kila mtu anajikuta na kilo moja hivi. Sufuria moja ya mbogi yote. Dawa za mbogi yote kwa mfuko mmoja. Chaja moja. Mara ya kwanza sisi wanne tulikuwa na sufuria nne na tochi moja, wewe fikiria.

Kujifunika, tafuta mfuko wa kulalia wa mitumba, ile ya sinthetiki. Angalia zipu kwanza, alafu ufinye ucheki ka bado inafura. Chini yake usiende na godoro. Mimi natumia ile karatasi ya fedha watu huwekanga kwa kioo ya moti kukinga jua, na juu yake kipande cha spongi ngumu kutoka mabega mpaka makalio tu. Miguu naiweka juu ya bag tupu. Baridi ya ardhi ndiyo inakuibia usingizi kuliko ya hewa, so hicho kipande usikikate.

Nguo ndio penye luku inaua watu. Sisemi usipige picha, piga. Lakini pamba na jeans ikilowa inakaa na maji, inakufyonza joto, na upepo ukianza unaweza kupata shida ya kweli. Ukipanda mita 1,000, joto hushuka kama digrii 6. Likuyani iko chini ya mita 2,000. Koitobos iko 4,222. Hesabu mwenyewe: kwetu ikiwa digrii 22, huko juu ni kama 8, na hiyo ni mchana bila upepo. Vaa tishati ya mpira, ile ya poliesta ya timu, na suruali nyepesi ya mazoezi. Ndani ya bag weka flisi moja, renkoti ya kweli, kofia ya sufu, soksi ya pili, na nguo ya kulalia yenye hauvai mchana hata dunia ikianguka. Hiyo nguo kavu ndiyo bima yako. Mtu akiniambia ameiacha ndio apunguze gramu, huyo sitaenda na yeye.

Kuhusu ndula niko na maoni makali. Buti nzito ya ngozi inakuchosha ju unaiinua kila hatua, na kilo ya mguuni inakula nguvu kuliko ile ya mgongoni. Eldoret ni mji wa wakimbiaji, raba za kukimbia za mitumba zimejaa. Chukua yenye soli iko na meno, na iwe kubwa kidogo ju miguu hufura. Msimu wa matope wenyeji wa mlima wenyewe wanavaa gambuti, na siwezi wakosoa.

Sasa dishi. Hapa ndio nilipunguza kilo nyingi kuliko mahali popote, na ndio penye watu wa kwetu wako na utajiri hawauoni.

Shida ya dishi ni maji. Kiazi mbichi, nyanya, sukuma, hizo unabeba maji kwa mgongo ukipita kando ya mto. Alafu kuna kitu nilisoma form two nikaisahau: ukipanda juu, maji yanachemka kabla ya kufika digrii 100. Kwa mita 4,000 yanachemka kwa kama 87. Chai itatokea. Maharagwe yatakucheka mpaka asubuhi. So wacha kupika vitu ngumu, beba vitu kavu zenye zimeshaiva nyumbani.

Njugu karanga gramu 100 iko na kalori karibu 570. Simsim ni hapo hapo. Githeri ya maji, uzito huo huo, haifiki nusu ya hiyo. Mathe ananikaangia njugu na chumvi, kukhu anatengeneza simsim ya kusagwa na sukari, anaifinyanga iwe vidonge. Unga ya wimbi tunaikaanga kwa sufuria kavu mpaka inukie, tunachanganya na maziwa ya unga na sukari. Huko juu unaweka maji moto tu, unakoroga, ni uji tayari, hakuna kusimamia jiko. Chapati sita za siku ya kwanza na ya pili. Omena kavu iliyokaangwa, kwa mfuko wa karatasi. Majani na tangawizi ya turungi. Ukijumlisha ni kama gramu 700 kwa mtu kwa siku, na nilirudi nikiwa na njugu.

Moto wa kuni usahau. Nyasi na vichaka vya huko juu Januari na Februari vimekauka, cheche moja inachoma mlima wa watu. Tunabeba jiko ndogo ya gesi ya mbogi yote, na tunapika mara mbili kwa siku, turungi na uji. Basi.

Tuingie kwa mpango sasa, ju bag nyepesi bila mpango ni balaa nyepesi.

Msimu wetu ni Desemba mpaka mapema Machi. Imejipanga yenyewe: mahindi imeshavunwa, NCPB Moi's Bridge malori zimepanga foleni, mifuko iko na kitu, na mvua imepumzika. Kutoka Matunda ama Moi's Bridge unarauka unachukua mat ya Kitale. Kitale unabadilisha unaenda Endebess, na hapo nduthi inakupeleka geti ya Chorlim. Ukitoka shags saa kumi na mbili asubuhi, mapema mchana uko getini, na hiyo ni karata watu wa Nairobi hawana. Wao wameshachoka na barabara kabla ya kuanza.

Mbuga ya Mlima Elgon upande wa Kenya ilianzishwa 1968, na KWS ndio wanaisimamia. Malipo ni kwa eCitizen, so lipa ukiwa na bando, usingoje ufike geti yenye netiwaki ni ya kubahatisha. Beba kitambulisho. Kutembea lazima uende na renja mwenye bunduki, ju ya wanyama, na huyo renja usimwone kama gharama. Anajua penye kijito kiko na maji na penye kimekauka, na hiyo habari ni uzito. Lita moja ya maji ni kilo moja. Akikuambia mbele kuna maji baada ya saa mbili, unabeba lita moja badala ya tatu. Maji ya kijito weka tembe ya dawa, ngoja dakika 30, kunywa. Na chupa zile za kununua na kutupa haziruhusiwi ndani ya mbuga tangu tarehe 5 Juni 2020, so nenda na ile ya shule ya kujaza tena. Ya plastiki ngumu, wacha ya chuma nyumbani.

Siku ya kwanza ya safari ya pili tulilala chini, karibu na geti. Najua wengine wanadai kupanda siku hiyo hiyo. Mwili wa mtu wa Likuyani hauko tayari. Ukipita mita 2,500 hewa nyembamba inaanza kukuuliza maswali, na kuwa na misuli ya gunia haisaidii hapo hata kidogo. Wenye wanaanguka mara nyingi ni wale mangumu wanakimbia. Hiyo jioni ya kwanza tulitembelea mapango. Kitum inaingia kama mita 200 ndani ya mlima, na kuta zake ziko na alama za pembe za ndovu, ju wanaingianga usiku kuchimba chumvi ya mwamba na kuila. Nilisimama hapo nikanyamaza. Lakini muwe na rada: mwaka wa 1980 na 1987 watu wawili walioingia Kitum walipata virusi vya Marburg na wakafariki, na popo wa matunda wa mapango ndio hubeba hivyo virusi. Usishike kuta, usishike kinyesi cha popo, usikae ndani kudishi. Mlangoni panatosha kuona uzuri wake.

Siku ya pili ni kupanda mos mos. Unapita kwa podo kubwa zenye watu wanne hawawezi kuzikumbatia, alafu mianzi, alafu ghafla mbingu inafunguka na unaona mimea ya ajabu, lobelia na zile za kama kabichi juu ya nguzo. Tulilala Koroborte, juu ya mita 3,000, penye barabara ya gari inaishia. Kichwa kikiuma kidogo, kunywa maji, pumzika. Kikizidi, ukianza kutapika ama kuyumba ka mlevi, unashuka hiyo hiyo saa hata ka ni usiku, na renja na tochi. Hakuna dawa ya mtaani ya hiyo kitu, ni kushuka.

Na kabla ya yote, mwachie mtu nyumbani karatasi: mko wangapi, mnalala wapi kila usiku, mnarudi siku gani. Mathe aliiweka kwa ukuta kando ya kalenda. Ramani nilipakua kwa simu mapema yenye haihitaji bando, na simu ikakaa bila netiwaki ndani ya soksi usiku, ju baridi inaua betri.

Mazoezi? Likuyani ni tambarare, haina mlima. Sisi tulikuwa tunatoka Jumapili na bag kamili, Likuyani soko mpaka Kongoni na murram, tunarudi. Mara mbili tulienda Webuye tukapanda kilima cha Chetambe, penye Wabukusu walipigana na Waingereza 1895. Hicho kilima kinakupima mapaja vizuri, na ukiwa juu unajua ni mkanda gani wa bag unakukata bega ukiwa bado karibu na lami.

Mara ya pili bag yangu ilikuwa kilo 5.2 bila dishi na maji. Haikuwa altralaiti ya wenyewe, lakini saa tatu asubuhi tulikuwa tumekaa juu ya Koitobos, wote wanne, hakuna mtu anatapika. Wagagai, kilele cha Elgon yote, mita 4,321, kilikuwa ng'ambo upande wa Uganda, na katikati ile bakuli kubwa ya volkano ya zamani imejaa mwanga. Cousin alitoa chapati. Tulikula bila kuongea. Nikaangalia upande wa nyumbani nikitafuta Nzoia, na kulikuwa na ukungu wa shamba tu, na sikujali.

Desemba hii tunarudi, tukishamaliza kukoboa. Nimeshapima tena. Agrovet alinicheki nikiingia na karai, akasogeza mizani bila kuuliza. Imesoma 4.7. Kukhu alikuwa ameketi nje kwa benchi akingoja mbegu ya sukuma, akaomba kuona orodha nimsomee. Nilisoma mpaka nikafika kwa taulo. Akanyoosha mkono, akavua leso yake ya begani, nyepesi, imeisha rangi, akaiweka kwa karai, na akatoa taulo.